Mafunzo Niliyopata Kutokana na Varista

Mvua za vuli zikianza, meza ya karakana yangu hapa Mwanza hujaa ving'amuzi, sabufa, TV bapa, chaja na bodi za friji. Maelezo ya wenye mali hayatofautiani sana: "Fundi, umeme ulikatika ukarudi mkubwa," au "Radi ilipiga karibu, tangu hapo haiwaki." Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi kwa wingi, na umeme wetu hutufikia kwa nyaya zilizotandazwa juu ya nguzo, wazi kwa kila tufani. Ndiyo maana nimeshughulika na varista kuliko kipande kingine chochote cha saketi.

Asiyeifahamu ataikuta mwanzoni kabisa mwa bodi, pale waya wa soketi unapoingilia: kisahani cha keramiki, mara nyingi cha rangi ya buluu, chenye miguu miwili. Mguu mmoja umeungwa kwenye waya wa moto, wa pili kwenye nyutro. Umeme ukiwa wa kawaida, haipitishi chochote cha maana. Volti ikivuka kiwango chake, upinzani wake huporomoka ghafla, na mkondo wa ziada hupitia humo kama maji ya mafuriko yanavyopitia mlango wa dharura wa bwawa, badala ya kwenda kuvunja bodi. Volti ikishuka, mlango unajifunga.

Ndani yake mna oksidi ya zinki, unga mweupe ule ule unaotiwa kwenye krimu za ngozi za watoto, uliochanganywa na bismuthi, kobalti na manganizi kidogo kisha ukachomwa tanuruni. Mjapani Michio Matsuoka wa kampuni ya Matsushita ndiye aliyeishughulikia mwishoni mwa miaka ya 1960, akachapisha matokeo yake mwaka 1971. Ukiikuza kwa hadubini utaona chembe zilizobanana, na mpaka kati ya chembe na chembe huzuia takriban volti 3. Kwa hiyo unene wa kisahani ndio unaoamua volti, kwa sababu ndio unaoamua idadi ya mipaka hiyo. Upana wake huamua ni mkondo kiasi gani unaweza kupita. Mambo hayo mawili ukiyashika, mengi ya hapa chini yatajieleza.

1. Kabla ya kuitangaza bodi kuwa imekufa, anzia pale umeme unapoingilia

Mama mmoja mwenye saluni kule Kirumba aliniletea TV ambayo ameshaambiwa kwingine kuwa bodi nzima imeungua na inunuliwe mpya. Nilipoifungua, fyuzi ilikuwa nyeusi ndani na varista imepasuka katikati. Daiodi za kugeuza umeme zilikuwa nzima, transista kubwa nzima, kapasita haijavimba. Ulinzi ulikuwa umefanya kazi yake yote: varista ilipokea pigo, ikaingia shoti, fyuzi ikakatika, na kila kilichokuwa nyuma yake kikasalimika. Vipande viwili vya bei ndogo vilitosha kuirudisha TV saluni.

Si kila mara mambo huishia hapo. Kabla ya kuweka fyuzi mpya, pima daiodi zote nne, pima transista, kisha uwashe mara ya kwanza kupitia taa ya nyuzi ya wati 60 au 100 iliyounganishwa mfululizo na waya wa moto. Taa ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, bado kuna shoti. Ikimulika kidogo halafu ikafifia, unaweza kuendelea. Njia hii ni ya zamani na bado sijaona inayoishinda kwa bei.

2. Kuing'oa na kuacha nafasi wazi ni kumnyang'anya mteja ulinzi wake

Hili linaniuma kuliko yote. Varista iliyoingia shoti ukiing'oa tu na kuweka fyuzi mpya, kifaa kitawaka. Mteja atafurahi, atalipa, ataondoka. Hajui kwamba TV yake sasa haina kitu cha kuisaidia siku radi itakapopiga tena, na pigo hilo halitakuta kisahani cha kulipokea. Litakwenda moja kwa moja kwenye transista na saketi ndogo za udhibiti. Atarudi akiwa na hasara kubwa, na atadhani ni bahati mbaya.

Nimefungua vifaa vingi vyenye matundu mawili matupu mahali palipokuwa na varista, na mkato wa koleo bado unaonekana. Kama duka halina ya kufanana siku hiyo, mwambie mteja hivyo, andika kwenye risiti, umwite ikipatikana. Ni haki yake kujua.

Kuna na nafasi tupu za aina ya pili, zile ambazo kiwanda chenyewe kiliziacha. Bodi imechorwa duara na kuandikwa MOV, VDR, ZNR au RV1, lakini hakuna kilichochomelewa hapo, kwa sababu aliyetengeneza alibana gharama. Kwenye ving'amuzi na chaja za bei ya chini utaliona hili mara kwa mara. Mteja akikubali, ninaijaza nafasi hiyo, mradi nihakikishe kwanza kwamba iko baada ya fyuzi.

3. Soma namba kwa utaratibu wake, usiifananishe na volti ya soketi

Mgongoni mwa varista imeandikwa, kwa mfano, 14D471K. Kumi na nne ni kipenyo kwa milimita. Tarakimu tatu zinazofuata husomwa hivi: mbili za mwanzo ni namba, ya tatu ni idadi ya sifuri. Basi 471 ni 47 na sifuri moja, yaani volti 470. Herufi K inasema namba hiyo inaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 10. Na volti 470 hizo hazimaanishi umeme wa ukutani; ni volti ya mkondo mnyoofu ambayo kisahani huanza kupitisha miliampea 1.

Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, lakini hiyo ni thamani ya wastani wa nguvu. Kilele cha wimbi lake hufika volti 325. Kenya, kwenye 240, kilele ni 339. Varista lazima ikae juu ya kilele hicho kwa nafasi ya kutosha, la sivyo itakuwa inavuja mkondo kila nusu ya wimbi, mara mia moja kwa sekunde, hadi ipate joto na kufa bila radi yoyote. Ndiyo maana karatasi ya kiwanda inaipa 471 umeme wa kawaida usiozidi volti 300, 431 inapewa 275, 561 inapewa 350, na 621 inapewa 385.

Mtego mkubwa uko kwa anayekwenda dukani na kuomba "varista ya 220" kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuuita umeme wa nyumbani. Muuzaji akimpa iliyoandikwa 220, amepewa ya volti 22, inayofaa kwenye saketi ndogo za betri. Akipewa 221, hiyo kweli ni volti 220 kwa kipimo cha miliampea 1, lakini kazi yake ni kwenye umeme usiozidi 140. Zote mbili zitapasuka mara tu plagi inapoingia.

Kwa sababu hiyo hiyo, nawaomba wenye ndugu Marekani wawe waangalifu. Kijana mmoja wa Nyegezi alitumiwa na dada yake ekstensheni nzuri, nzito, yenye maandishi ya kujisifia ulinzi. Chaja ya kompyuta aliyotumiwa pamoja nayo ilikuwa imeandikwa 100–240, haikuwa na tatizo popote duniani. Ekstensheni ilikuwa jambo tofauti. Soketi za Marekani ni za volti 120, na ndani nilikuta varista za 201, zenye kikomo cha 130. Alipoichomeka kwa adapta ya plagi, ilitoa mlio, moshi na harufu, na kabati ya TV ikapata alama nyeusi.

Sasa, ipi ichaguliwe? Mjini, ambako volti haipandi ovyo, naweka 471. Kwa nyumba iliyo karibu sana na transfoma, ambako usiku wa manane watu wakizima vitu volti hupanda, ninapanda hadi 561 au 621. Kuna gharama yake: unapopanda, unaruhusu pigo kubwa zaidi lipenye. Kwa mkondo wa ampea 50, kisahani cha milimita 14 cha 471 huruhusu hadi volti 775. Cha 561 huruhusu 925. Cha 621 huruhusu 1,025.

Mteja akisikia 775 hushtuka na kuuliza ulinzi uko wapi. Uko hapa: bila varista, pigo la radi kwenye soketi linaweza kufika volti elfu kadhaa. Likipunguzwa hadi mia saba na kitu, kwa muda wa mikrosekunde tu, daiodi za 1N4007 zinazostahimili volti 1,000 zinalimudu, na kapasita kubwa ya mwanzoni inameza kilichobaki. Varista hairudishi umeme kuwa 230. Inaufikisha mahali ambapo vipande vingine vinaweza kuumudu, na ndiyo maana kuchagua namba kubwa kupita kiasi "ili isiungue" ni kuifuta kazi yake.

4. Adui wa varista hudumu mikrosekunde. Adui wa dakika nzima ni wa kifaa kingine

Nikipewa nafasi ya kufundisha jambo moja tu, nitafundisha hili, kwa sababu ndilo linaloeleweka vibaya hata na mafundi wenye uzoefu.

Chukua kisahani cha milimita 14. Karatasi ya kiwanda inasema kinaweza kupokea ampea 4,500 kwa wimbi la majaribio linalopanda kwa mikrosekunde 8 na kushuka hadi nusu kufikia mikrosekunde 20. Zidisha kwa volti inayokuwapo wakati huo utapata zaidi ya megawati nne, zikiingia kwenye kitu unachoweza kukificha kiganjani. Halafu soma mstari wa chini kwenye karatasi ile ile: nguvu inayoweza kuhimili mfululizo ni wati 0.6. Chini ya wati moja! Hakuna ukinzani baina ya namba hizo. Pigo la radi limeshakwisha kabla joto halijakusanyika. Umeme uliozidi kwa sekunde kadhaa unaendelea kumimina joto, na kisahani hakina mahali pa kulipeleka.

Wakati gani umeme huzidi kwa dakika nzima? Kwetu, mara nyingi ni nyutro kukatika. Mtaa mmoja wa Igoma, upepo mkali uliangusha tawi, waya wa nyutro ukakatika kwenye nguzo, na nyaya za moto zikabaki nzima. Nyumba moja taa zikaanza kung'aa kupita kawaida, kwa jirani zikafifia hadi kuwa nyekundu. Waliotazama walidhani umeme unacheza tu. Kilichokuwa kinatokea ni hiki: transfoma ya mtaa ina nyaya tatu za moto, na kati ya mmoja na mwingine kuna volti 400. Nyutro ikiwepo, kila nyumba inapata 230 yake. Ikikatika, nyumba zilizo kwenye nyaya tofauti zinajikuta zimeungwa mfululizo kwenye zile volti 400 na kugawana kwa kadiri ya matumizi yao. Nyumba yenye pasi na jiko la umeme inapata kidogo. Nyumba yenye TV na taa mbili tu inapata kingi, pengine 300, pengine zaidi ya 350.

Siku iliyofuata vifaa vya mtaa ule vilijaa mezani kwangu, na sura yao ilikuwa moja: varista zimelipuka hadi kubaki miguu mitupu, fyuzi nyeusi tititi. Kwa waliobahatika, uharibifu uliishia hapo. Kwa wengine kapasita ya volti 400 nayo ilipasuka. Nyumba mbili zilizokuwa na friji gadi hazikuleta friji zao, maana hazikuwa na la kuleta.

Friji gadi, na wenzake wa TV, hupima volti muda wote na kukata umeme ikipanda au kushuka kupita mpaka, kisha husubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Hiyo ndiyo kinga dhidi ya adui wa dakika. Stabilaiza hurekebisha kupanda na kushuka kwa polepole. Hakuna kati ya hivyo viwili chenye wepesi wa kulikabili pigo la mikrosekunde, na varista ya 471 haina ubavu wa kusimama mbele ya umeme wa 350 uliokaa. Nyumba inayojali mali yake inahitaji vyote: kinachokata umeme uliozidi, na varista kwa ajili ya pigo la ghafla. Muuzaji anayesema kimoja kinatosha kwa yote anampotosha mnunuzi.

Na kwa mwenye nyumba: ukiona taa zako zinang'aa isivyo kawaida huku za jirani zinafifia, zima swichi kuu papo hapo, uwagongee na majirani wazime, kisha upige simu ya dharura ya shirika la umeme. Usianze kuchomoa kimoja kimoja. Kila unachokizima upande wako kinaipandisha volti ya vilivyobaki.

5. Fyuzi itangulie

Varista ikifa, mara nyingi hufa kwa kuingia shoti. Fyuzi ikiwa mbele yake, itakatika na mambo yanaisha kwa ukimya. Ikiwa varista imewekwa kabla ya fyuzi, hakuna cha kuikatia isipokuwa breka ya nyumba, na kabla breka haijaruka kisahani kinaweza kuwaka moto na kuyeyusha plastiki iliyokizunguka. Ekstensheni nyingi za bei ya chini zimetengenezwa hivyo hasa: visahani viwili au vitatu vya milimita 7, bila fyuzi, vimegusana na kasha la plastiki. Nunua yenye fyuzi au kikata-joto kilichogusana na varista. Zipo pia varista zilizofungiwa kikata-joto ndani yake zenyewe, na kwenye kazi ya nyumba ya wageni au zahanati sitaki kuweka nyingine.

Fyuzi yenyewe iwe ya aina ya T, ile ya polepole, kwa namba iliyoandikwa kwenye bodi, kwa mfano T3.15A. Fyuzi ya haraka itakatika kwa pigo dogo ambalo varista ingelimaliza yenyewe. Na ule mtindo wa kuzungushia fyuzi iliyokatika uzi wa waya wa shaba uachwe kabisa. Nyumba zimeungua kwa uzi huo.

6. Miguu iwe mifupi

Niliwahi kuletewa kisanduku cha ulinzi kilichotengenezwa kwa bidii na fundi wa mtaani: varista kubwa ya milimita 20, imefungwa vizuri, lakini imeungwa kwa waya wa nusu mita kila upande kwa sababu kisanduku kiliwekwa mbali na soketi. Vifaa viliendelea kuungua, naye akaamini varista zake ni feki.

Hesabu yake ni fupi. Mita moja ya waya ina uzito wa kisumaku wa takriban mikrohenri 1, na uzito huo hupinga mkondo unaobadilika ghafla. Pigo la ampea 3,000 linalopanda kwa mikrosekunde 8 linaongezeka kwa ampea 375 kila mikrosekunde. Katika ile mita moja ya waya, nusu ya kwenda na nusu ya kurudi, hizo ni volti 375 zinazoongezwa juu ya volti ya varista, na jumla yote ndiyo inayokifikia kifaa. Kisahani kilikuwa kizuri, waya uliharibu. Tuliihamishia ndani ya soketi yenyewe, miguu ikiwa sentimita chache, waya wa kuingia na wa kutoka zote zikigusa pale pale kwenye miguu.

7. Waya wa ardhi uwe wa kweli

Varista kati ya waya wa moto na nyutro hushughulikia tofauti ya hizo mbili tu. Radi inapopiga karibu na laini, mara nyingi huinua nyaya zote mbili kwa pamoja juu ya ardhi, na hapo kisahani hicho kimoja hakioni tofauti yoyote. Ndiyo sababu ulinzi kamili una varista tatu: moto kwa nyutro, moto kwa ardhi, nyutro kwa ardhi. Hizo mbili za mwisho ni pambo kama tundu la tatu la soketi halijaungwa popote, na nyumba za namna hiyo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Mwanza ina shida yake ya pekee. Kwenye vilima vya mawe kama vya Mabatini, fimbo ya shaba inaingia kidogo tu na kugonga granaiti. Nimeona fimbo zilizokatwa msumeno na kubakizwa fupi ili zionekane zimeingia zote. Kwenye kiwanja cha namna hiyo ni afadhali kutafuta udongo ulio chini ya kilima, au upande maji ya bafu yanakomwagika, na kulaza waya mnene wa shaba mtaroni kwa mita kadhaa, fimbo mbili au tatu zikiungwa pamoja. Mkaa uliopondwa ukijazwa kuzunguka fimbo husaidia kutunza unyevu. Chumvi nayo hushusha upinzani, ila huila shaba, na baada ya miaka michache unabaki na waya ulioishia hewani. Kisha pima. Bila kupima, ardhi ni imani tu.

8. Radi ina mlango wa pili: waya wa antena

Ving'amuzi vingi ninavyopokea vimeungua upande wa dishi, huku upande wa umeme ukiwa mzima. Waya wa dishi uko juu ya bati, na unaingia moja kwa moja hadi ndani ya TV. Fundi asijaribu kuweka varista hapo: kisahani hicho kina tabia ya kapasita, mamia ya pikofaradi, na kitaimeza ishara yote ya masafa ya juu. Kazi hiyo ni ya kirija cha gesi, ambacho hakiigusi ishara lakini hufunguka kwa pigo. Kiwekwe pale waya unapoingilia nyumbani, na kiungwe kwenye ardhi ile ile ya umeme. Ardhi mbili zisizoungwa pamoja zitatofautiana kwa maelfu ya volti radi ikipiga, na TV ndiyo itakayokuwa daraja kati yao.

9. Kwenye sola soma safu ya umeme mnyoofu

Kwa ufupi: 471 inayopewa volti 300 za umeme geu hupewa 385 za umeme mnyoofu. Lakini kufa kwa varista kwenye paneli ni hatari zaidi, kwa kuwa umeme mnyoofu haupiti sifuri mara mia kwa sekunde na cheche ikishika haizimiki yenyewe. Tumia kinga iliyoundwa na kuandikwa kwa ajili ya sola, yenye kikata chake. Usiunge ya kienyeji.

10. Varista huzeeka, na mita ya kawaida haitakwambia

Kisahani cha milimita 14 kinahimili lile pigo la ampea 4,500 mara moja tu kwa uhakika. Mapigo madogo ya ampea mia hivi yanaweza kupita maelfu. Kila pigo linaacha jeraha dogo kwenye mipaka ya chembe, volti yake inashuka kidogo, mkondo wa kuvuja unaongezeka, na siku moja hata umeme wa kawaida unatosha kuipasha joto. Varista iliyookoa TV miaka mingi inaweza kufa siku ya jua kali, bila mvua wala ngurumo.

Mita ya mkononi ukiiweka kwenye omu inakuonyesha kama kuna shoti. Ikisema hakuna, bado hujajua chochote kuhusu volti ya kisahani. Ninachotumia ni kipimo cha insuleta, kile cha kupimia nyaya kinachotoa volti 500 au 1,000 kwa mkondo wa miliampea 1 hivi. Varista ikiwa imeng'olewa kwenye bodi, nikiiweka kwenye 1,000, volti hupanda na kusimama pale kisahani kinapofunguka. Kwa 471 natarajia isimame kati ya 423 na 517. Ikisimama kwenye 390, inatoka, hata kama sura yake ni mpya. Anayejaribu hili asiguse miguu kwa vidole.

Kwa nyumba nzima, napendekeza kinga ya kufungwa kwenye boksi la breka: moduli zenye varista kubwa ndani, kikata-joto chake, na kidirisha kidogo usoni. Ni oksidi ya zinki ile ile inayolinda transfoma za laini za kilovolti 11 na 33, kwa vipimo vikubwa zaidi. Kwa maeneo yenye umeme wa kuyumba nachagua iliyoandikwa Uc 385 badala ya 275, na nyaya zake nazikata fupi kadiri boksi linavyoruhusu. Hii hupokea sehemu kubwa ya pigo, na kile kisahani cha ndani ya TV kinabakiwa na kazi ndogo.

Kidirisha kikiwa kijani, moduli iko hai. Kikiwa chekundu, imeshajitoa kwenye saketi, nyumba inaendelea kuwaka taa lakini haina kinga. Kubadilisha ni kuchomoa moduli na kuchomeka nyingine, swichi kuu ikiwa imezimwa. Wateja wangu wengi wana mita ya LUKU ukutani karibu na boksi hilo, nami huwaomba watupie jicho kidirisha kila wanapoingiza tokeni.